Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na afya: faili la nidhamu lifike na kwa daktari

Kwa waheshimiwa mawaziri wa elimu na wa afya, wakaguzi wa elimu, wakuu wa shule na wajumbe wa bodi za shule.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha. Watoto wanaoletwa kwangu ni wale ambao shule imekwisha kuchoka nao: wapiganaji, watoro, wenye kujibizana na walimu, wanaovunja vitu, wanaodanganya hata pale ambapo ukweli usingewadhuru. Kila mmoja huja na faili lake. Ndani mna tarehe, kosa, adhabu na sahihi ya mzazi. Katika mafaili yote niliyowahi kusoma, ni mara chache mno nimekuta mtu ameandika kwamba mtoto huyu halali usiku, au kwamba siku hizi hujitenga wakati wa mapumziko, au kwamba mama yake ni mgonjwa na hakuna mwingine nyumbani. Fomu haina nafasi ya kuandika hayo, kwa hiyo hayaulizwi.

Ninachowaomba ni hiki: asiwepo mtoto anayesimamishwa masomo au kufukuzwa shule kwa sababu ya tabia kabla hajaonwa na mtu mwenye ujuzi wa afya ya akili, na alichokiona mtu huyo kiandikwe katika faili lilelile la nidhamu. Naomba hivyo kwa sababu watoto ambao wizara ya elimu inawajua kama wakorofi, wengi wao wizara ya afya itakuja kuwapokea wakiwa watu wazima wenye sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, na hakuna atakayetambua kwamba ni walewale. Wizara moja inafunga faili, nyingine inafungua jipya, na kati ya hayo mawili miaka inapita bila mtu kufanya lolote.

Ushahidi upo, tena wa siku nyingi. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti waliandikisha watoto 1,037 waliozaliwa kati ya Aprili 1972 na Machi 1973, wakaendelea kuwapima utotoni, ujanani na utu uzimani. Walipofika miaka 26, waliokutwa na maradhi ya akili walirudiwa katika kumbukumbu zao za nyuma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Nusu yao walikuwa tayari na tatizo linalotambulika kitabibu kabla ya kutimiza miaka 15, na robo tatu kabla ya miaka 18. La kushtua zaidi ni aina ya tatizo lililotangulia. Mtu angetarajia mwenye sonona awe alikuwa mtoto wa huzuni, na kweli wapo waliokuwa hivyo. Lakini kwa kila ugonjwa uliopimwa, sonona ikiwemo, kati ya asilimia 25 na 60 ya wagonjwa walikuwa na historia ya ukaidi uliopindukia au ukorofi mkubwa utotoni. Hao ndio watoto wa mafaili yetu.

Katika nchi hiyohiyo, mji wa Christchurch, utafiti mwingine ulianza mwaka 1977 na watoto 1,265. Tabia zao zilipimwa walipokuwa na miaka 7 hadi 9. Walipofika 25, waliokuwa wakorofi zaidi ndio walioelemewa zaidi na uhalifu, dawa za kulevya, mahusiano yaliyovunjika na maradhi ya akili, hata baada ya watafiti kuzingatia hali ya familia walikotoka. Uingereza nako kuna watu waliozaliwa mwaka 1946 ambao wamefuatiliwa maisha yao yote. Walipokuwa na miaka 13, na tena walipokuwa na 15, walimu wao waliulizwa maswali ya kawaida tu kuhusu mwenendo wao. Ripoti iliyotoka mwaka 2009 ilitazama miaka 40 iliyofuata: waliotajwa na walimu kuwa wakorofi walisumbuka zaidi katika afya ya akili, katika ndoa, katika elimu na katika kipato. Naomba hilo la walimu mlitilie uzito. Hawakuwa madaktari, na hawakuwa na mashine yoyote. Mwalimu wa darasa alijaza karatasi kuhusu mtoto anayemwona kila siku, na karatasi hiyo ikaeleza jambo la miongo minne mbele.

Sasa niseme wazi mpaka wa hoja yangu, maana najua washauri wenu wataukagua. Watoto wengi watundu hawaji kuugua. Terrie Moffitt, mtafiti wa kundi hilohilo la Dunedin, alieleza mwaka 1993 kwamba kuna vijana ambao ukorofi wao huanza na ujana na kuishia nao, na kuna wachache ambao ulianza wakiwa wadogo kabisa na ukaendelea. Si haki kumtazama mtoto wa miaka minane kwa sababu amerusha kiti ukaanza kumwandalia kitanda hospitalini. Vilevile utafiti wa kufuatilia watu hautoshi peke yake kusema ukorofi ndio uliozaa sonona. Huenda kitu kimoja, kama ugomvi wa nyumbani au urithi wa kifamilia, kimevizaa vyote viwili. Kwangu mimi hilo linazidi kuipa nguvu hoja ya kumchunguza mtoto. Ikiwa shina ni moja, basi tabia mbaya ndiyo sehemu yake ya kwanza kujitokeza juu ya ardhi, na shule ndiyo inayoiona.

Njia inayotoka kwenye ukorofi kwenda kwenye sonona imeelezwa vizuri na Gerald Patterson na wenzake waliofanya kazi zao katika jimbo la Oregon, Marekani. Huanzia nyumbani. Mzazi anaamuru, mtoto anagoma na kupiga kelele, mzazi aliyechoka anaacha. Mtoto amejifunza kwamba kelele hulipa. Siku nyingine mzazi hupandisha sauti au hupiga, mtoto ananyamaza, na mzazi naye amejifunza kwamba kipigo hulipa. Kila mmoja anamfundisha mwenzake ukali bila kujua. Mtoto huyo akifika shuleni anaingia na silaha aliyoizoea. Wenzake wanamkimbia. Mwalimu anamtoa nje ya darasa, na kila anapotolewa somo linampita. Baada ya muda anakuwa ameshindwa mara mbili: hana rafiki wa maana na hawezi kusoma kama wenzake. Patterson na mwenzake Deborah Capaldi walisema kushindwa huko kwa aina mbili ndiko kunakoleta moyo uliovunjika. Mtoto hushuka moyo kwa sababu ya mambo halisi yaliyompata: amekataliwa, amefeli, na kila mtu mzima anayemjua amekwisha kumwambia kwa mdomo au kwa macho kwamba hafai.

Nimewaona watoto katika hatua hiyo. Mwanzoni alikuwa anakuja ofisini kwangu akiwaka, anatetea kila kosa, ana hadithi ndefu ya jinsi alivyoonewa. Kisha inafika siku anakaa, anaulizwa, na anajibu, "Ndiyo, ni mimi, nifukuzeni tu." Shule nyingi huiita hiyo jeuri. Mimi huogopa zaidi siku hiyo kuliko siku zote za hasira, kwa sababu mtoto anayejitetea bado anaamini kuna kitu cha kutetea.

Ujana ukiisha mambo huzidi kubana. Aliyefukuzwa shule hana cheti, na asiye na cheti hupata kazi za kubahatisha. Hasira ya karibu inayompotezea kazi leo ndiyo inayompotezea mwenza kesho. Kila hasara kati ya hizo, yenyewe peke yake, inajulikana kuongeza uwezekano wa mtu mzima kupata sonona: kukosa kazi, deni, kutengana, upweke. Mkorofi wa utotoni huzipata kwa mkupuo, na mara nyingi hukimbilia pombe au dawa za kulevya ili apate usingizi. Anapofika kwa daktari akiwa na miaka thelathini na kitu, anaulizwa tangu lini anajisikia hivi, naye anasema tangu mwaka jana alipoachwa. Hakuna anayemuuliza habari za darasa la tatu.

Kuna jambo jingine ambalo natamani kila mwalimu wa nidhamu alijue. Kwa baadhi ya watoto, ukorofi wenyewe ndio sonona. Mtu mzima aliyeshuka moyo hulia, huzubaa, hujilaumu. Mtoto aliyeshuka moyo huweza kuonyesha hasira badala ya huzuni, na miongozo ya utambuzi wa magonjwa ya akili inalikubali hilo kwa watoto na vijana. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipotoa mwongozo mpya, kilianzisha utambuzi maalumu kwa watoto ambao wamekaa na hasira muda wote na hulipuka mara kwa mara, na kikauweka katika sura ya maradhi ya sonona, mbali na sura ya matatizo ya mwenendo. Miaka michache kabla yake, mwaka 2009, Argyris Stringaris na Robert Goodman wa Uingereza walikuwa wameonyesha kwamba ukaidi wa watoto si kitu kimoja. Yupo mbishi anayekataa amri. Yupo anayefurahia kuumiza wengine. Na yupo mwenye moyo mwepesi, anayekasirika kwa kitu kidogo na kubaki na kinyongo siku nzima. Huyu wa tatu ndiye aliyeelekea zaidi kwenye sonona na wasiwasi uliopitiliza. Kwenye faili zetu wote watatu wameandikwa neno moja, utovu wa nidhamu, na wote watatu wamepewa adhabu moja.

Kwa wasichana tunakosea zaidi. Msichana mkorofi huhukumiwa kwa maadili yake haraka kuliko mvulana, huitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mazungumzo huishia kwenye mavazi na wavulana. Na bado wasichana wenye matatizo makubwa ya tabia ndio ambao mara nyingi zaidi huwa na sonona pembeni yake. Mkuu wa shule akiitisha kikao cha nidhamu cha msichana, naomba awepo mtu chumbani ambaye kazi yake ni kuuliza kama kuna mtu anamdhuru.

Mtasema viboko na adhabu kali ndiyo dawa, samaki mkunje angali mbichi. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miongo mitano zenye watoto zaidi ya 160,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Walikuwa wanatazama kofi la kawaida la mzazi, wala si kipigo cha kuvunja mfupa. Kati ya mambo 17 waliyoyapima, 13 yalihusiana na kofi, na yote 13 kwa ubaya: ukali zaidi, tabia mbaya zaidi, matatizo zaidi ya akili utotoni, na kwa waliokwisha kukua, matatizo zaidi ya akili utu uzimani. Mnaweza kubishana kama kofi ndilo lililoanza au ukorofi ndio ulioita kofi. Msichoweza kuonyesha ni ushahidi wa kofi kumtengeneza mtoto.

Kusimamisha masomo nako ni adhabu ya ajabu. Mtoto asiyetaka kuja shule anaadhibiwa kwa kuambiwa asije. Anaenda kukaa katika nyumba ileile ambayo huenda ndiyo inayomharibu, au mtaani na vijana wakubwa kuliko yeye, na anaporudi amepitwa na masomo ambayo hakuna atakayemrudishia. Najua kwa nini inafanyika. Mwalimu mwenye darasa lililojaa anahitaji kupumua, na wazazi wa watoto wengine wanataka kuona hatua imechukuliwa. Sijawahi kumlaumu mwalimu huyo. Nawalaumu waliomwachia hiyo ikiwa ndiyo hatua pekee iliyopo.

Na hatua nyingine zipo. Mwaka 1969 watafiti wa Kansas, Marekani, walibuni mchezo wa darasani ambao hauhitaji chochote zaidi ya ubao. Mwalimu anagawa darasa katika timu, anaandika kanuni chache ambazo kila mtoto anazielewa, na kwa muda mfupi kila siku anahesabu makosa ya kila timu. Timu yenye makosa machache inapata kitu kidogo inachokipenda. Muda unaongezwa polepole. Uzuri wake ni kwamba mtoto mkorofi anakuwa mtu ambaye wenzake wana sababu ya kumsaidia atulie, badala ya kumcheka anapochemka. Mwaka 1985 mchezo huo ulijaribiwa kwa watoto wa darasa la kwanza mjini Baltimore, kwa kuyagawa madarasa kwa bahati nasibu. Walipofika miaka 19 hadi 21, wavulana waliokuwa wakali zaidi tangu mwanzo walikuwa na matatizo machache zaidi ya dawa za kulevya kuliko wenzao wasioucheza, na kati ya wote walioucheza, wa kike kwa wa kiume, waliowahi kufikiria kujiua walikuwa wachache zaidi. Kundi la mwaka uliofuata halikupata mafanikio hayo kwa kiwango kilekile. Walimu wake walikuwa wamepewa usaidizi mdogo zaidi. Hapo ndipo wakubwa wangu mnapohusika moja kwa moja. Semina ya siku moja na cheti haitoshi. Mwalimu anahitaji mtu wa kurudi darasani kwake kumtazama na kumshauri.

Mpango mkubwa zaidi ulianza mwaka 1991 katika maeneo manne ya Marekani. Watoto 891 waliokuwa na ukorofi mkubwa tangu chekechea waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu wakapewa msaada wa miaka kumi, tangu darasa la kwanza, wa kufundishwa kuzuia hasira, kusaidiwa kusoma, na wazazi wao kufundishwa na kutembelewa. Wakiwa na miaka 25, asilimia 69 ya wasiopata mpango huo walikuwa na angalau tatizo moja la akili, la tabia au la ulevi. Kwa waliopata, ilikuwa asilimia 59. Mtu atasema pengo la asilimia kumi ni dogo kwa kazi ya miaka kumi. Mimi nasema hao walikuwa watoto ambao kila mtu alikwisha kuwakatia tamaa kabla hawajajua kuandika majina yao, na kwa kila kumi kati yao, mmoja aliepuka.

Mafunzo ya wazazi ndiyo yenye ushahidi mwingi kuliko yote kwa watoto wadogo, na ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Si mihadhara ya malezi bora. Mzazi anafundishwa vitu vya kufanya kwa mikono na mdomo wake: kucheza na mtoto dakika chache kila siku bila kumwelekeza, kumsifu kwa jina la alichokifanya, kutoa amri moja fupi inayotekelezeka, kuacha kupigia kelele makosa madogo, na kutoa adhabu fupi isiyoumiza ambayo haibadiliki kwa sababu mzazi amechoka. Anafanya mazoezi akiwa na mkufunzi, anarudi nyumbani, anajaribu, anarudi kueleza kilichoshindikana. Wazazi tunaowaita shuleni hawaji, walimu wananiambia. Hawaji kwa sababu kila barua waliyowahi kupokea kutoka kwetu ilikuwa ya mashtaka. Mzazi aitwe kwanza siku ambayo mtoto amefanya jambo jema, ndipo aombwe kuja kwenye mafunzo. Nimeona linavyobadilisha uso wa mama mlangoni.

Na mama huyo naye apimwe. Mwaka 2006 Myrna Weissman na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya akina mama waliokuwa wakitibiwa sonona pamoja na watoto wao, jozi 151. Pale ambapo mama alipona ndani ya miezi mitatu, maradhi ya watoto yalipungua. Pale ambapo hakupona, yaliongezeka. Watoto hao hawakuwa wamepewa dawa yoyote na watafiti. Ningependa waziri wa afya aisome habari hii mara mbili. Kliniki inayomtibu mama bila kuuliza ana watoto wangapi na wanaendeleaje imeacha nusu ya kazi mezani.

Kwa waziri wa fedha, ambaye nina hakika barua hii itamfikia, nina mambo mawili. Katika milima ya magharibi mwa North Carolina, watafiti walikuwa wakifuatilia watoto 1,420 tangu mwaka 1993, robo yao wakiwa wa asili ya Wahindi Wekundu. Utafiti ukiwa unaendelea, jamii ya Cherokee ilifungua kasino na kila mwanajamii akaanza kulipwa sehemu ya mapato. Baadhi ya familia zikatoka katika umaskini bila kufanya lolote tofauti. Ukorofi na ukaidi wa watoto wa familia hizo ulishuka hadi kufikia kiwango cha watoto ambao hawakuwahi kuwa maskini, na sababu kubwa iliyoonekana ni kwamba wazazi walipata nafasi ya kuwaangalia watoto wao. Dalili za huzuni na wasiwasi hazikushuka kwa namna hiyo. Kwa hiyo fedha inatuliza tabia mapema, lakini moyo ukishaumia unahitaji tiba yake. Jambo la pili ni gharama. Huko London, watoto waliopimwa tabia wakiwa na miaka 10 walifuatiliwa hadi 28, na kila huduma ya umma waliyotumia ikajumlishwa, kuanzia shule maalumu hadi magereza. Kwa waliokuwa na ukorofi mkubwa, kila mmoja aligharimu kwa wastani pauni 70,019. Kwa wasio na tatizo, pauni 7,423. Karibu mara kumi, na hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2001, kwa bei za wakati huo. Fedha hizo zinalipwa tayari. Zinalipwa na wizara nyingine, baadaye, kwa mtu ambaye haiwezekani tena kumrudisha darasa la kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa na sonona, na linasema kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Shirika hilohilo lilipokagua bajeti za serikali mwaka 2020 lilikuta afya ya akili inapata asilimia mbili hivi ya fedha za afya. Siwaombi mjenge hospitali mpya za vichaa. Naomba sehemu ya fedha hizo ishuke hadi kwenye shule za msingi, ambako ugonjwa huu unaanza kuandikwa kwa jina jingine.

Wapo watakaosema hakuna wataalamu wa kutosha wa kumwona kila mtoto mkorofi. Ni kweli, na ndiyo maana sikuandika "daktari bingwa" katika ombi langu. Muuguzi aliyefundishwa, mshauri nasaha, afisa ustawi wa jamii, wote wanaweza kufanya uchunguzi wa kwanza. Robert Goodman, niliyemtaja hapo juu, alitunga mwaka 1997 dodoso la maswali 25 ambalo mwalimu au mzazi hulijaza kwa dakika chache. Linauliza habari za ukorofi na papo hapo habari za huzuni, marafiki na umakini. Limetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Haliponyi mtu wala halitoi jina la ugonjwa. Linamwonyesha mwalimu mtoto yupi ni wa kupelekwa mbele. Nyuma yake lazima awepo mtu wa kumpokea, la sivyo tutakuwa tumemwongezea mwalimu karatasi tu.

Wengine wataogopa kwamba tukianza kumwita mkorofi mgonjwa, tutakuwa tumembandika jina litakalomfuata maisha. Hofu hii naiheshimu. Lakini tazameni majina anayobebeshwa sasa: mwizi, mhuni, sikio la kufa. Uchunguzi wa afya una kanuni ya siri. Ubao wa matangazo wa shule hauna. Kilicho muhimu ni kwamba taarifa hizo zisitumike kumnyima mtoto nafasi katika shule nyingine, na hilo linahitaji kanuni yenu iliyoandikwa, kwa sababu nia njema ya mkuu mmoja wa shule hudumu hadi anapohamishwa.

Na wapo wanaouliza habari za watoto wengine, wanaopigwa na kuibiwa na huyu tunayemtetea. Swali hilo ni la haki kuliko yote. Mtoto anayeonewa ana haki ya kulindwa leo, na palipo na hatari ya kweli watenganisheni leo. Kutenganisha ni jambo la siku. Kinachonitia uchungu ni kwamba baada ya kumtenganisha hakuna kinachofuata. Anayeonea apelekwe kwa mtu, na aliyeonewa naye apelekwe kwa mtu, kwa sababu huyo wa pili naye yumo katika hatari ya sonona na mara nyingi hana faili lolote.

Waheshimiwa, barua hii sikuiandika ili nijibiwe kwamba imepokelewa. Naomba wizara ya elimu na wizara ya afya zitoe jibu moja lenye sahihi mbili, na litaje mambo haya: cheo cha mtu mwenye wajibu wa kumwona mtoto kabla barua ya kumfukuza haijasainiwa, siku ngapi mtu huyo anapewa, nani anamlipa, kutoka fungu gani la bajeti, mwalimu ampigie nani siku ambayo mtoto amesema anataka kufa, na ni tarehe ipi fomu ya nidhamu inayotumika sasa itaondolewa na kuletwa yenye ukurasa wa afya. Mkiona ombi la ukurasa huo ni gumu kuliandaa, niko tayari kuleta rasimu yake, na walimu wenzangu wengi wako tayari kuijaribu katika shule zao muhula ujao.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa ushauri nasaha